UZI: Bandari ijitengenezee stima yake? Historia fupi kutoka Kericho hadi Kilindini

1/ Kila mjadala wa bei ya umeme unapopamba moto, kuna hoja moja hurudi: bandari ya Mombasa iwe na gridi yake ndogo ya sola na betri, iache kutegemea laini ya taifa. Upande mmja unasema hiyo ndiyo dawa ya stima kupotea. Upande wa pili unasema ni njia ya kuiuza bandari kichinichini na kumwachia mwananchi bili. Sitataja mtu wala chama. Nataka tu tuone hoja hii imetoka wapi, maana ina umri mkubwa kuliko wote wanaoibishania.

2/ Utauliza, mtu wa Kabianga na bandari wapi na wapi? Chai ya huku ikishatoka kiwandani hupelekwa Mombasa. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na uko huko hadi leo. Mnunuzi akijua bandari ni ghali au inachelewesha mzigo, anashusha bei yake mnadani, na sisi huku tunaiona kwenye bonasi. Halafu kuna sababu ya pili: hii hadithi ya tajiri kuwa na stima yake ndani ya ua, sisi watu wa nchi ya chai tumeiishi.

3/ Kwanza tuelewane maneno. Gridi ndogo ina vitu vinne: mahali pa kuzalisha umeme, mahali pa kuuhifadhi, watumiaji walio karibu, na swichi inayoweza kuitenga na laini kubwa. Laini kubwa ikizima, swichi inafunguka na ile gridi ndogo inaendelea peke yake. Wahandisi husema imekuwa kisiwa. Hiyo swichi ndiyo kiini. Bila hiyo una paneli za sola juu ya paa tu, na nyingi za aina hiyo huzimika pamoja na laini ya taifa.

4/ Sasa turudi nyuma. Umeme wa Kenya ulianza ndani ya ua. Historia ya shirika la umeme inasema jenereta ya kwanza ya Mombasa ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, iliyowasha kasri lake na mitaa ya jirani. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua na kuikabidhi kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya pekee ya kusambaza umeme Nairobi. Miji miwili, kampuni mbili, hakuna waya uliounganisha moja na nyingine. Kwa lugha ya leo, zilikuwa gridi ndogo mbili.

5/ Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting. Miaka michache baadaye, 1926, gati za kwanza za maji marefu zilifunguliwa Kilindini. Bandari ya kisasa na umeme wa kisasa vimekua pamoja. Lakini tazama waliopata taa: bandari, ofisi za serikali, mitaa ya wenye uwezo. Hakuna aliyefikiria kupeleka waya hadi kwa mkulima wa ndani. Umeme ulikuwa bidhaa, na bidhaa hupelekwa kwa mwenye pesa.

6/ Mwaka 1954 fikra ilianza kubadilika. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, na kampuni mpya ikaundwa Kenya ili kuvuta umeme huo kutoka Tororo hadi Nairobi. Kisha yakafuata mabwawa ya mto Tana, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini Olkaria, megawati 15. Wazo la gridi ya taifa ni rahisi: mvua ikikosa huku, mvuke utoke kule, na gharama ya nguzo na nyaya igawanywe kwa wote, mkubwa na mdogo. Shikilia hapo kwa wote, tutarudi.

7/ Wakati hayo yakitokea, huku kwetu kulikuwa na historia nyingine. Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamepokonywa na serikali ya kikoloni. Kiwanda cha chai hakiwezi kusubiri laini ya taifa ifike. Na hapa kuna mvua karibu mwaka mzima, na mito inayoshuka kwa kasi. Basi kampuni zikajenga mitambo yao midogo ya maji, zikavuta nyaya zao hadi viwandani, kwenye nyumba za mameneja na kambi za wafanyakazi.

8/ Hiyo ilikuwa gridi ndogo ya nishati safi, miongo mingi kabla neno hilo halijaanza kupendwa kwenye makongamano. Kiufundi ilifanya kazi vizuri sana. Lakini nyaya zilikomea mpakani mwa shamba. Mimi nimekua nikiona taa ng'ambo ya bonde, huku kwetu tukisomea koroboi. Mto ni uleule, mvua ni ileile. Nani yuko ndani na nani yuko nje ya ua hakuamuliwa na mhandisi. Kuliamuliwa na mwenye hati ya ardhi.

9/ Cha kuchekesha, maji hayohayo yakiendelea kushuka hugeuka kuwa ya taifa. Itare, Kipsonoi na mito mingine ya milima hii huingia mto Sondu, na huko chini kuna kituo cha Sondu Miriu, megawati 60, kilichoanza mwaka 2008. Umeme wake huingia kwenye laini kubwa ambayo kila mtu anaweza kuunganishwa nayo. Kwa hiyo kwenye mto mmoja una mifano miwili: juu umeme wa ua, chini umeme wa wote.

10/ Tusiwaonee wenye viwanda. Wana sababu. Majani mabichi hunyaushwa kwa feni kubwa, husagwa, huachwa yachachuke kwa muda uliopimwa, kisha hukaushwa. Stima ikipotea katikati, majani yanapitiliza, rangi na ladha zinaharibika, na bei inashuka. Jenereta ya dizeli inaokoa, lakini kila uniti yake ni ghali mno. Mtu anayetaka stima isiyokatika hana tamaa, analinda mzigo. Bandari nayo inasema maneno hayohayo.

11/ Sasa angalia mfano wa tatu, ambao kwenye mijadala hausikiki sana. Kiwanda cha Imenti kule Meru, cha wakulima wadogo, kilijenga mtambo wa maji wa karibu megawati 1. Kinajitumia, na ziada kinauza kwa laini ya taifa. Kule Nyeri, mtambo wa Gura wa karibu megawati 6 ulijengwa kuhudumia viwanda kadhaa vya wakulima wadogo, na ziada pia inauzwa. Hapa kuna ua, lakini ua una lango. Na mwenye mtambo ni yuleyule anayeleta majani kwa kikapu.

12/ Na sola? Hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 2014 shamba la chai la Changoi, upande wa Bomet, liliwekewa mtambo wa sola wa megawati 1 unaofanya kazi pamoja na laini ya taifa na jenereta. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake. Kwa hiyo mtu akikwambia gridi ndogo ni ndoto za ulaya, mwambie apande matatu aje Bomet.

13/ Sasa twende bandarini. Mwaka 2024 Mombasa ilipitisha kontena zaidi ya milioni 2 kwa kipimo cha futi 20. Matumizi yake ya stima si kama ya kiwanda. Kreni ya gatini hunyonya umeme mwingi kwa ghafla ikiinua, kisha ikishusha, zile za kisasa hugeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya. Kontena za baridi, zenye parachichi, nyama na samaki, hutaka stima saa 24. Taa za yadi huwaka usiku kucha. Ukibuni gridi ndogo unaanza hapo: nani anataka nini, saa ngapi, na nani anaweza kungoja dakika 10 bila kuharibika.

14/ Kisha kuna meli yenyewe. Ikiwa imefunga gatini bado inahitaji taa, pampu na baridi, kwa hiyo huwasha injini zake ndogo za mafuta, na moshi wake wanaovuta ni watu wa Mombasa. Dawa yake ni stima ya gatini: meli inazima injini na kuchomekwa kama simu. Tatizo ni kwamba meli nyingi hutumia umeme wa hezi 60, na Kenya ni hezi 50. Lazima pawe na mtambo wa kubadilisha katikati, nao ni ghali. Wanaozungumza jukwaani huruka hapo, ilhali ndipo pesa nyingi zinapokwenda.

15/ Wengine wametangulia. Gothenburg, Sweden, walianza mwaka 2000 kuchomeka meli za mizigo kwa umeme wa volti za juu, na aliyesukuma jambo hilo alikuwa mwenye mzigo: kampuni ya karatasi iliyotaka safari ya bidhaa zake iwe safi. Los Angeles walichomeka meli ya kwanza ya kontena mwaka 2004. Ona jambo moja: Los Angeles, bandari ni ya jiji na shirika la umeme ni la jiji. Gharama ikihama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, mwenye suruali ni yuleyule. Kwetu mifuko ni ya watu tofauti, ndiyo maana tunagombana.

16/ Hebu tupige hesabu, maana siasa haipendi hesabu. Chukua meli moja inayotumia megawati 2 ikiwa gatini. Kwa siku nzima ni megawati-saa 48. Jua la pwani hutoa takriban megawati-saa 4 kwa siku kwa kila megawati 1 ya paneli. Kwa hiyo meli moja inahitaji karibu megawati 12 za paneli, yaani kama Changoi 12, kwenye ekari 30 hivi, pamoja na betri kubwa za kuvusha usiku. Meli moja! Na gatini huwa kuna meli kadhaa kwa wakati mmoja, kreni na kontena za baridi bado hujazihesabu.

17/ Mapaa ya maghala yatasaidia sana mchana, lakini bandari ya Mombasa haiwezi kujitoa kabisa kwenye laini ya taifa kwa sola. Wanaoahidi hivyo wanatudanganya, na wanaotutisha kwamba itajitoa wanatutisha bure. Tena laini ya taifa yenyewe tayari zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ni mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Usiku wa manane, nchi ikilala, Olkaria hulazimika kuachia mvuke hewani kwa kukosa mnunuzi. Meli iliyolala gatini usiku ingekuwa mnunuzi mzuri wa mvuke huo. Hiyo ni faida kwa kila mtu aliye kwenye laini.

18/ Basi gridi ndogo ya bandari ni ya kazi gani? Ni ya siku mbaya. Juni 2016 tumbili mmoja aliingia kituo cha Gitaru na nchi nzima ikazimika. Agosti 2023 nchi ikazimika tena kwa saa nyingi. Siku kama hizo betri na sola zingeshikilia mawasiliano, usalama, kontena za baridi na kreni chache, huku vingine vikingoja. Ukiibuni kwa lengo hilo inakuwa ndogo, na gharama yake inashikika. Ukiibuni kwa lengo la kujitenga na nchi, inakuwa kubwa, ghali, na bado haitoshi.

19/ Tuje kwenye bili, ndipo penye ugomvi wa kweli. Fikiria mradi wa maji wa kijiji. Kaya 100 zinachangia bomba na pampu, na watu 5 wenye ng'ombe wengi wanalipa nusu ya gharama. Siku moja hao 5 wanachimba visima vyao. Bomba ni lilelile, fundi ni yuleyule, mkopo ni uleule, na sasa kaya 95 zinabeba mzigo wote. Mbaya zaidi, wale 5 hawakukata bomba lao. Wameliacha pale ili kisima kikikauka wafungue. Mtu analipa shilingi ngapi kwa kuwekewa bomba la akiba? Kwa gridi ya taifa, bandari, viwanda vya saruji, mashamba ya maua na viwanda vya chai ndio wenye ng'ombe wengi.

20/ Na mikataba tuna uzoefu nayo. Vituo vya mafuta vya pwani, kama Kipevu na Rabai, viliingia kwa mikataba inayolipia uwezo wa mtambo, uwashwe usiwashwe. Ulikuwa wakati wa ukame na mgao wa stima, hofu ilikuwa ya kweli. Lakini hofu iliandika mikataba mirefu. Ukinunua tokeni leo unaona tozo ya mafuta na ya fedha za kigeni kwenye risiti. Jopo lililochunguza mikataba hiyo mwaka 2021 lilipendekeza bei ishushwe kwa zaidi ya asilimia 30. Mapema 2022 ilishuka kwa asilimia 15. Mkataba mbaya ukishatiwa saini, haufutwi kwa hotuba.

21/ Sheria inasemaje? Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaruhusu mtumiaji kuzalisha umeme wake, na mwenye mtambo usiozidi megawati 1 anaweza kurudisha ziada kwenye laini na kuhesabiwa kwenye bili. Kanuni zake zilikuja mwaka 2024, na ziada huhesabiwa nusu tu ya thamani. Megawati 1 inatosha shule, hospitali, hata kiwanda kidogo. Kwa bandari ni tone. Mtambo wa ukubwa wa bandari utahitaji leseni na makubaliano maalumu, na makubaliano maalumu ndiyo yanayopaswa kusomwa na wengi.

22/ Mimi msimamo wangu ni huu. Bandari ijenge gridi ndogo ya kuvuka siku mbaya. Meli zichomekwe, moshi upungue Likoni na Changamwe. Lakini iendelee kulipia laini ya taifa sehemu yake kamili, hata mwezi ambao jua limewaka vizuri. Na umeme usikomee kwenye ua. Nasema hivyo kwa sababu nimeona umeme ulipokomea uani: chai ilipata stima miongo kadhaa kabla ya mtoto wa jirani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ilipangwa tu hivyo, na hakuna aliyeuliza mapema.

23/ Kwa hiyo akija mtu barazani kwenu na hoja hii, awe wa upande wowote, muulize maswali haya matano:
– Mtambo ni wa kuvuka siku mbaya, au wa kujitoa kwenye laini? Megawati ngapi?
– Nani ataumiliki baada ya miaka 20?
– Bandari italipa kiasi gani kwa mwezi kwa kubaki imeunganishwa?
– Mkataba unalipia uniti zilizotumika, au unalipia mtambo hata ukiwa umelala? Kwa shilingi au kwa dola?
– Stima ya taifa ikizimika, mitaa iliyopakana na bandari, hospitali na pampu za maji, zimo ndani ya kisiwa au nje?

24/ Hilo la mwisho ndilo watakalojaribu kulikwepa, maana ni gumu kiufundi na lina gharama. Lakini linawezekana likiwekwa kwenye michoro tangu mwanzo. Likija baadaye, utaambiwa nyaya ni nyembamba, swichi haitoshi, bajeti imekwisha.

25/ Mwenye kufanya kazi bandarini au kiwanda cha chai, ongeza hapo chini unachokijua, hasa kuhusu saa ambazo stima hupotea na nini huharibika kwanza. Mwenye kupinga hesabu yangu ya sola, lete yako tuilinganishe. Matusi pelekeni kwingine. Chamgei.